Zamu ni ya Nani?

Kuna gemu nataka kuinunua, na hii ni wiki ya tatu sijainunua. Ni mchezo wa mkakati wa angani, ule wa zamu kwa zamu. Unapewa sayari moja, chombo kimoja cha kupeleleza na kingine cha walowezi, halafu unaambiwa haya, endelea. Ukishapanga mambo yako unabonyeza kitufe, wapinzani nao wanapanga yao, mwaka unapita, zamu inarudi kwako. Bei yake inakaribia shilingi 100,000. Nyota zake zinapendeza, muziki wake unatuliza, na waliokwisha kuicheza wanasema ukikaa saa mbili usiku unakuja kushtuliwa na adhana ya alfajiri.

Najua wapo watakaosema: hivi hilo nalo ni swali la kuandikia makala kwenye ukurasa wa fasihi? Nunua au acha, basi. Lakini mimi naishi Tabora, kazi yangu ya uandishi wa habari naifanyia hapa, na kila nikisogeza kidole kwenye kitufe cha kulipia nakutana na swali ambalo huenda lisimsumbue mtu wa mji mwingine.

Tuanze na fedha ili tuimalize. Kwa mwandishi wa kujitegemea laki moja ni malipo ya habari kadhaa, na baadhi yake hulipwa baada ya kukumbushia mara tatu. Kwa nyumba ya kawaida ni mkaa, ni mchele, ni daftari za watoto. Lawama hiyo naikubali, ila naona haiishii kwenye gemu. Riwaya nazo zinagharimu, kahawa ya jioni inagharimu, na bando la kusomea makala hii limegharimu. Kama kila raha lazima ishindane na unga, basi rafu zetu zote za vitabu tuziuze leo. Swali la fedha lina jibu lake: je, wanaokutegemea wamekula? Kama wamekula, mjadala unahamia kwingine. Na huko kwingine ndiko kwenye kazi.

Aina hii ya mchezo ina jina linalojulikana dunia nzima: 4X. Jina hilo lilianza mwaka 1993, pale Mmarekani Alan Emrich alipouandikia mchezo wa Master of Orion katika jarida la Computer Gaming World. Hizo X nne zinasimama badala ya vitenzi vinne vya Kiingereza, ambavyo kwa Kiswahili ningeviita kuvumbua, kutanuka, kunyonya na kuangamiza. Ulikuwa utani wa mtu anayeupenda mchezo, na utani ukageuka jina la ukoo. Leo ukienda kununua unakuta gemu zimepangwa chini ya jina hilo kama dawa zilivyopangwa duka la dawa.

Sasa visome vitenzi hivyo ukiwa Tabora. Sisi tuliolelewa na wazazi waliolikariri Azimio la Arusha, neno kunyonya haliwezi kutupita sikioni kama neno la mchezo. Na kuvumbua ndiyo kabisa. Gemu inapoanza, kioo chote ni cheusi isipokuwa nyumbani kwako. Chombo chako kikisogea, nyota zinawaka moja moja. Kabla hujafika palikuwa giza, na ulipofika pakawa mahali.

Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne ya kutembea kutoka pwani. Kwenye ramani za Ulaya sehemu hii ilikuwa tupu. Walichokikuta si utupu. Walikuta nyumba za tembe, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wenye mali na madeni mpaka Unguja, na mwenyeji, Snay bin Amir, aliyewakaribisha na kuwaeleza kwamba maziwa yaliyokuwa yakiwachanganya wenye ramani ni matatu, kila moja mbali na lenzake. Na hao Waarabu nao hawakuifungua njia wenyewe. Wanyamwezi walikuwa wameshaikanyaga kitambo, wakipeleka pembe za ndovu pwani kwa miguu yao. Burton na Speke walivumbua kitu kilichokuwa tayari kichwani mwa aliyewapikia chakula.

Kwa hiyo hoja ya kwanza dhidi ya gemu iko wazi: inamfundisha mchezaji kukaa kwenye kiti cha aliyechora ramani nyeupe, tena inamfundisha kuona raha. Mtu wa Tabora anaenda kukaa hapo kufanya nini?

Hoja hii nilimpelekea rafiki yangu, mwalimu wa historia, mzaliwa wa Urambo. Alicheka kwanza.

“Kaka,” akasema, “kwa hiyo wewe unataka Mnyamwezi abaki mpagazi mpaka angani?”

Lile swali lina uzito. Kwani nani alisema kiti cha mwenye ramani ni cha Mzungu peke yake? Mirambo, huko huko Urambo, alianza na utemi mdogo akajenga dola iliyoishika njia ya kwenda Ujiji. Mwaka 1871 aliwapiga Waarabu wa Tabora pamoja na Henry Morton Stanley aliyejiunga nao, na watu wake wakachoma sehemu ya mji. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwakabili Wajerumani, na ngome yake ilipovamiwa Januari 1893 alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Hawa walikuwa wakihesabu bunduki, washirika, njia na ushuru. Walicheza, na walicheza vizuri. Mwalimu anasema kumnyima kijana wa leo raha ya kuwaza kama mtawala, eti kwa sababu babu zake walionewa, ni kumwonea mara ya pili.

Nakubaliana naye nusu. Nusu ya pili ni hii: ukihama kutoka kiti cha Burton ukakaa cha Mirambo, bado umekaa juu. Rugaruga wa Mirambo walipopita kijijini, mwenye shamba la mtama hakujifariji kwamba anayemchomea ni ndugu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi haziulizi tembo huyu ni wa ukoo gani.

Ushahidi wangu mwingine ni kitabu ambacho wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanakijua: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Heinrich Brode alikichapa mwaka 1902 na 1903, na ni mojawapo ya habari za maisha za mwanzo kabisa kuchapwa katika lugha yetu. Tippu Tip si mgeni hapa. Baba yake, Muhammad bin Juma, aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kitabu kile ni kitamu, nakiri. Kinakwenda mbio, kina ujanja na ujasiri. Lakini ukikisoma kwa kalamu mkononi unaona kazi yake kubwa ni kuhesabu: frasila za pembe, madeni, bunduki, mateka, faida. Waliobeba hizo pembe wapo kila ukurasa, na sauti yao huisikii. Miaka zaidi ya 100 baadaye, gemu ninayotaka kuinunua inaniletea mwisho wa kila zamu taarifa ya mtindo huo huo: madini yameongezeka, sayari mbili zimetekwa, wakazi milioni kadhaa wamehamishwa.

Hapa mtu anaweza kukimbilia bao. Atasema tuache michezo ya kigeni, tunayo yetu, iko pale chini ya mwembe, haihitaji umeme wala laki moja. Mimi pia napenda bao, ila sidhani linatuokoa kirahisi hivyo. Bao ni vita. Mashimo 32, kete 64, na lengo ni kuumaliza upande wa mwenzako mpaka safu yake ya mbele ibaki tupu. Tena sheria yake ni kali kuliko ya gemu: ukiweza kula, lazima ule. Huna ruhusa ya kuwa mpole. Na kete uliyoila haifi, unaisia upande wako, inaanza kukutumikia dhidi ya alikotoka. Mtu anayeijua njia ya misafara hawezi kulitazama jambo hilo bila kukumbuka mateka waliovushwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine wakapewa kazi na jina jipya. Basi ulezi wa babu zetu nao haukuwa wa amani tupu.

Hata hivyo bao lina kitu kimoja ambacho kimenisaidia kulielewa swali langu. Lina zamu ya kweli. Wewe unacheza, kisha unanyamaza, unamwachia. Mpinzani yuko mbele yako, unamwona anavyokuna kidevu, unasikia watazamaji wakimcheka au wakimpongeza. Huwezi kuharakisha mkono wake. Zamu, ukiifikiria vizuri, ni aina ndogo ya haki. Ni kukubali kwamba baada ya mimi kusema, wewe nawe una neno, na neno lako linaweza kuharibu mipango yangu yote, na mimi nitakaa kimya mpaka umalize.

Kwa hiyo swali siyo tena kama mchezo una vita. Karibu michezo yote ina vita. Swali ni: ndani ya mchezo huu, nani ana zamu?

Nirudi kwenye Master of Orion ya mwaka 1993, maana michezo mingi ya angani ni watoto wake. Mle kuna njia ya kushinda bila kuwamaliza wengine. Baraza kuu la galaksi hukutana, kura hupigwa, na anayepata theluthi mbili huwa mtawala wa wote. Inapendeza kusikia. Lakini kila dola hupewa kura kwa kadiri ya wingi wa watu wake, na anayezipiga ni mtawala peke yake. Watu wanahesabiwa, hawaulizwi. Wingi wao ni uzito mkononi mwa mtu mwingine.

Tulishaona baraza la namna hiyo. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Mirambo alifariki Urambo tarehe 2 Desemba 1884, mkutano ukiwa unaendelea. Mtu aliyekuwa amezishika njia za sehemu hii ya Afrika aliondoka duniani wakati watu waliokaa kuzunguka meza wakipanga kanuni za kugawana bara lake, na hakuna mtawala wa Kiafrika aliyekuwa na kiti pale. Hata mwenye zamu kubwa huku kwetu, kule hakuwa nayo. Na chini ya Mirambo walikuwepo wengine ambao huku huku hawakuwa nayo.

Au walikuwa nayo? Hapa ndipo njia ya misafara inapotufundisha kitu ambacho gemu haikijui.

Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru wa kulipwa ujira. Walibeba nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba na pembe za ndovu, na walikuwa na neno la mwisho ambalo kila msafiri aliliogopa: walikuwa wanaweza kutua mzigo. Posho ikipunjwa, wanatua. Kiongozi akivuka mpaka, wanatua, na asubuhi yake baadhi hawapo. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya wapagazi kugoma na kutoroka. Ukivisoma kwa jicho la upande wa pili, malalamiko yale ndiyo kumbukumbu ya zamu yao.

Mfano mkubwa ulipita hapa hapa. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wakaanza kuupeleka pwani. Walipofika Unyanyembe Oktoba mwaka huo walimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapa, njia ya mbele ni ya hatari. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo na mwili wao. Unaweza kubishana nao kama kazi ile ilistahili. Lakini huwezi kusema hawakuwa na zamu. Safari hiyo hawakutua mzigo, walikataa kuutua, na uamuzi ulikuwa wao.

Kwenye gemu hakuna chombo cha anga kitakachokuambia hapana. Kuna kitu kinaitwa kutoridhika kwa wakazi, lakini kinakuja kama asilimia pembeni ya kioo. Ikipanda, unapunguza kodi kidogo au unaongeza askari, inashuka. Kule kutua mzigo kumegeuzwa hitilafu ya mtambo, na wewe ni fundi.

Msomaji makini atanibana hapa, na ana haki. Atasema: kete za bao nazo hazigomi. Mbona hizo umezisamehe? Nimezisamehe kwa sababu kete ni mbegu, na bao halijawahi kudai vinginevyo. Hakuna anayekuambia shimo lako lina watu milioni nane wenye lugha na dini yao. Gemu ya angani inadai. Inawapa wakazi sura, majina ya sayari zao, hata nyimbo, kwa sababu bila hivyo ushindi wako hauna ladha. Ukishakopa utu wa watu ili mchezo unoge, umeingia deni. Huwezi kulila tunda la kuwaita watu halafu ukawahesabu kama kokoto.

Fasihi inalijua deni hili na mara nyingine inalilipa. Tazama Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994 na ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Msafara ni ule ule wa kutoka pwani kwenda bara, hesabu ni zile zile za mali na madeni. Lakini anayetazama ni Yusuf, mtoto aliyetolewa kufidia deni la baba yake. Gurnah amechukua kete akaipa macho. Haibadilishi njia, wala hampi Yusuf ushindi. Inabadilisha tu nani anatazama, na hapo msafara mzima unaonekana upya. Baada ya Peponi, ukirudi kwa Tippu Tip unasikia ukimya uliokuwa umeuruka.

Na hiyo ndiyo sababu inayonifanya niamue kununua. Kitabu cha Tippu Tip nimekisoma mara mbili, na sijawahi kufikiria kwamba kingefaa kufichwa. Nakisoma nikiwatafuta wasiosema. Sioni kwa nini gemu istahili woga zaidi kuliko kitabu. Tofauti ipo, tena kubwa: kitabu kinanionyesha mwingine akihesabu mateka, gemu inaniomba kidole changu. Lakini laptopu ambayo kidole hicho kitagusa niliinunua Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tunapita kila siku juu ya majina ya watu waliohesabiwa bila kuulizwa, tunauliza bei ya chaja. Kukaa mbali na gemu hakutanifanya niwe nje ya habari hiyo. Afadhali nijue kwa mkono wangu jinsi ilivyo rahisi kuwa juu, jinsi kioo kinavyomfanya mtu mwema aseme “hamisha milioni mbili” huku akinywa chai.

Nimejiwekea masharti mawili. La kwanza, sichezi na kompyuta peke yake. Gemu hii inaruhusu watu wawili kupokezana kwenye mashine moja, na mwalimu wa Urambo amekubali kuja Jumamosi. Nataka uso mbele yangu, mtu wa kuniuliza “hapo kaka umefanya nini?” kabla sijabonyeza.

La pili, ile asilimia ya kutoridhika ikipanda kwenye sayari yoyote niliyoishika, nitaihesabu kuwa ni watu wametua mzigo. Sitapeleka askari. Nitawapunguzia, wakiendelea kukataa nitaondoka na kuwaachia sayari yao. Sijui kama mchezo unaweza kushindwa au kushinda kwa namna hiyo, na mwalimu ameshaniambia atanimaliza kabla ya zamu ya 50. Inawezekana. Lakini nikifungwa kwa sababu hiyo, nitakuwa nimejua gemu inamlipa nani na inamwadhibu nani, na hilo ni jambo ambalo mhakiki wa kitabu chochote angependa kulijua kabla hajaandika.

Malipo ya mwezi yakiingia, naibonyeza. Mwalimu atakuja na karanga, mimi nitatoa chai na umeme. Tumeshakubaliana nani anaanza: yeye.